Kikohozi cha Kemirembe

Nyabiyonza, 3 Juni 1953

Mwanangu Dafroza,

Nakusalimu sana, wewe na huyo mchanga wako. Sisi wazima, ila mdogo wako Kemirembe anakohoa, wiki ya pili sasa. Bila hivyo ningekuwa nimeshafika Isingiro kukukanda, maana uzazi wa kwanza mtu hukandwa na mama yake. Ndizi za kukupikia nimeshazikata. Kesho nampeleka zahanati. Wakisema ni mafua, keshokutwa tuko njiani, kwani kumwacha siwezi, bado ananing'ang'ania. Natamani kumpakata mjukuu wangu mpaka mikono inawasha.

Mama yako


Isingiro, 9 Juni

Mama, shikamoo. Hatujambo, maziwa yapo. Nimechungulia njia mpaka shingo inauma. Mama mkwe ananikanda vizuri, lakini mkono si wako. Jana kaniuliza, "Kwenu wamehama?" Nikacheka naye, kisha nikageukia ukutani. Njoo, mama. Huku kila mtoto anakohoa, ni vumbi la kiangazi.

Mwanao Dafroza


Nyabiyonza, 14 Juni

Marahaba mwanangu. Kule zahanati Kemirembe alicheza tu, hakukohoa. Mganga akamsikiliza kifua, akasema mafua. Nilivyotamani yawe mafua, sikuongeza neno, nikarudi kufunga mzigo. Jioni ile ile akashikwa: anakohoa mfululizo bila kupata pumzi, uso unakuwa mweusi, halafu anavuta hewa kwa mlio kama jogoo anayejifunza kuwika, mwisho anatapika.

Asubuhi nikarudi naye. Nikasema sitoki hapa mpaka mganga amsikie. Akacheka, "Mama, unadai kikohozi?" Nikampa mtoto uji, uji ukakichokoza. Mganga alikuwa chumba cha pili akimfunga mtu kidonda. Aliusikia ule mlio, akaja na bandeji mkononi. "Hicho ni kifaduro."

Nikamweleza safari yangu. Akasema mchanga akikipata hana nguvu hata za kutoa ule mlio. Ananyamaza tu, pumzi inakatika.

Siji, Dafroza. Mpaka kiishe kabisa, na huchukua miezi. Na hao wanaokohoa huko kwenu usiseme ni vumbi. Wasimkaribie mtoto. Ndizi tumezila, zilikuwa zinaiva.

Mama yako


Isingiro, 30 Juni

Shikamoo mama. Pole kwa Kemirembe. Barua yako ilinikasirisha, ndiyo maana nimechelewa kujibu.

Jumapili akaja Eugenia, mke wa shemeji, kumwona mtoto, na wa kwake mgongoni. Wakiwa uani yule mtoto akakohoa, akakohoa, kisha akavuta hewa kwa mlio ule ule ulioniandikia. Nikafunga mlango, nikawaomba warudi. Eugenia akasema nina maringo. Mama mkwe akauliza nani kanifundisha kufukuza wageni. Nikamsomea barua yako yote. Alichukua kigoda akakaa mlangoni, na tangu siku hiyo kila anayekuja anaambiwa, "Kohoa kwanza nikusikie."

Mtoto mzima, mama. Ananenepa kila siku. Nafurahi, na papo hapo inaniuma, maana ukija kumpakata hatakuwa mchanga tena.

Mwanao Dafroza