Dagaa wa Kigoma Wamefika Kamembe

Shikamoo Mama,

Dagaa wako wamefika salama, na basi zima tulisafiri tukiwanusa. Nilipowafungua kwa dada Zaituni, mama mkwe wake alicheka mpaka akakaa chini. Jikoni kwake kulikuwa na karai limejaa sambaza wa Ziwa Kivu, wanakaangwa, na ukiwatazama ni hao hao dagaa wetu.

"Sambaza ilitokaka kwenu, ku Tanganyika!" akaniambia. "Huku haikukuwaka. Batu ba zamani ndo baliileta, ikapenda maji yetu. Angalia sasa venye iko mingi!"

Halafu akamtazama Zaituni, akaanza kucheka upya. Dada alikuja huku kumfuata mume, cherehani yake ikapata wateja hadi wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, na sasa ana watoto wawili wanaokimbizana uani, wa tatu yuko njiani. Tumekula sambaza na dagaa kwenye sinia moja, na ugali wa muhogo wa moto.

Lile swali ulilonituma, eti atarudi lini, nimelimeza pamoja na tonge. Wajukuu wanakuita, Mama. Njoo wewe. Na usibebe dagaa, walishatangulia.

Mwanao, Idi