Hatua Saba

Dada yangu mpendwa,

Mizigo nimeshafunga, Alhamisi nitakuwa nyumbani. Mwaka wangu wa kujitolea umekwisha, na hapa hospitalini hakuna anayekuja kushika nafasi yangu. Chumba cha mazoezi ya viungo kitafungwa.

Yule mama fundi cherehani niliyekuandikia, aliyepooza upande mmoja, juzi alitembea hatua saba bila kushikwa. Tulicheka kama wendawazimu. Leo nilipomuaga alisema, "Mwanangu, hatua zote zile nilikuwa nakufuata wewe. Sasa nimfuate nani?"

Nikamwacha kitandani, ameugeukia ukuta.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mgeni akiondoka inakuwaje. Nakuomba, msinipokee kwa vigelegele.

Ni mimi mdogo wako.