Uso Niliouona Nyuma ya Kituo

Glasgow, Ijumaa

Mama yangu mpendwa,

Mlio wa panga likinolewa haujanitoka masikioni tangu ile simu ya Jumapili. Ulikuwa unaniuliza kama nakula vizuri, na nyuma ya sauti yako nikasikia chuma juu ya jiwe, shwaa, shwaa, polepole, mkono wa mtu asiye na haraka. Nilijua ni Baba mdogo. Nilijua pia panga hilo linaandaliwa kwa kazi gani, kabla hujasema.

Nisamehe kwa kuchelewesha salamu. Mulembe, Mama. Goti lako linasemaje na mvua hizi? Na bibi yangu Kukhu ameanza kutembea hadi kwenye mahindi, au bado anatawala boma akiwa kitini? Mimi mwili ni mzima.

Ulisema ukoo umekaa na kuamua Bramwel azikwe. Kwa kuwa mwili wake haupo, utazikwa mgomba mahali pake, kama ilivyo desturi yetu. Ila wazee wanataka mimi, niliyeachiana naye ziwa, niridhie kwanza. Nilipiga kelele. Nilisema msimzike kaka yangu akiwa hai. Ndipo shangazi yetu, Senge, akakunyang'anya simu.

"Khasandi, skia. Wewe na kichwa ngumu yako mko huko Ulaya. Huku mama yako anampakulianga Bramwel obusuma, ugali ya moto, kila jioni, anafunika, anangoja. Asubuhi anapatia kuku. Kuku zimenona, yeye amekonda. Sasa unataka tuzike nani kwanza?"

Nikakata simu.

Tangu siku hiyo chumba kimenishinda. Kazini nawaosha wazee, nawalisha, natabasamu. Nikitoka zamu natembea tu. Muda wote huu nilijua njia ya kazini na ya kanisani tu, sikujua kwamba mji huu umejaa picha. Unapinda kona na kukuta ukuta mzima wa ghorofa, ule upande usio na madirisha, umechorwa toka chini hadi juu. Nimeona mbweha aliyevaa koti la mvua. Nimeona mikono ya bibi kizee ikifuma sweta, na uzi wake ukishuka hadi kando ya barabara. Nimeona fahali mwenye pua iliyolowa, mkubwa hata nikageuka kutafuta watu wake waliokuja kumwimbia, kama kwenye mapigano ya fahali huko kwetu. Wenyeji hupita bila kuinua macho. Mimi nasimama mbele ya kila ukuta kama mgeni aliyefika uani mwa watu na hajakaribishwa kiti.

Jumatano, nyuma ya kituo cha treni, nikamwona Bramwel.

Mama, alikuwa na kimo cha ghorofa nne. Amekaa juu ya kreti, kichwa kimelala upande, kama alivyokuwa akifanya akisikiliza jenereta lililokataa kuwaka. Mwanya wa meno ni ule ule. Na juu ya jicho la kushoto, lile kovu alilopata siku aliyokimbia mbele ya fahali pale Lurambi akaangukia waya wa senyenge. Nilikaa chini kwenye lami iliyolowa.

Nikaanza kupanga mambo kichwani. Rafiki yake wa kazi aliyetoroka vita Khartoum alisema nyumba ya mafundi iliungua Bramwel akiwa ndani, lakini yeye mwenyewe alikuwa mbali, barabarani. Moto aliuona. Mwili hakuuona. Na watu wametoka Sudan wakafika hadi mji huu, wengine kwa miguu hadi baharini. Kwa nini asiwe mmoja wao? Kisha kwetu, uso uliochorwa ukutani una mwenyewe. Yule mama aliyechorwa kwenye kinu cha kusagia pale Lubao sote tunamjua, ni mke wa mwenye kinu. Nikaamini kwamba mchoraji alimwona kaka yangu, na anajua alipo.

Muuza matunda wa kituoni akanielekeza mtaa wa pili. Nikamkuta mchoraji juu ya jukwaa la mashine, mwanamke wa makamo, rangi hadi kwenye kope. Nikapaza sauti kutoka chini.

"Yule kijana yuko wapi?"

"Kijana yupi?"

"Wa nyuma ya kituo. Ni kaka yangu."

Alishuka mara moja. Akavua glavu, akanitazama vizuri.

"Binti, kaka yako anaitwa nani?"

"Bramwel."

"Simfahamu Bramwel. Yule wa ukutani hayupo popote. Macho niliazima kwa muuza mboga, mdomo ni wa mwanangu, mkao nilijibunia."

"Na kovu?"

"Kovu gani?"

"Juu ya jicho."

Akafunga macho kidogo. "Lo, jamani. Ule ni ufa wa ukuta. Tuliuziba, ukarudi. Tukaziba tena, ukarudi. Nikaamua kuuacha."

Akanirudisha hadi pale, tukasimama wote wawili mvuani tukiutazama ufa. Baadaye akaniuliza Bramwel alikuwa mtu wa namna gani. Nikamweleza jinsi alivyokuwa akiiba sukari ya Kukhu na kumsingizia siafu. Nikamweleza umeme aliotuvutia jikoni siku aliyomaliza masomo Sigalagala, na wewe ukakataa kuzima taa hata mchana. Alicheka. Nikiwa katikati ya maneno nikatambua ninachofanya: kile kinachofanywa kando ya jeneza, kusimulia maisha ya marehemu mbele ya watu.

Jana nilimpigia Baba mdogo. Nilimwambia aukate mgomba.

Naandika kwa sababu kwenye simu ningelia tu. Barua hii inaletwa na mwenzangu wa kazini anayekwenda kwao Lugari, na itakapokufikia mtakuwa mmeshazika. Nimemwomba Baba mdogo achague mgomba ulionyooka, wenye kimo cha Bramwel, na auvishe ile ovaroli yake ya buluu. Na wewe, Mama, jioni pakua chakula chako tu, na ukile.

Mfikishie Kukhu mapenzi yangu. Mwambie Senge alinisema kweli, na kwamba nampenda pamoja na ulimi wake. Baba mdogo ashukuriwe kwa kuningoja. Mdogo wetu wa mwisho asiachwe peke yake karibu na kaburi.

Siku ya tatu mtakapokaa uani kunyolewa, sitakuwepo kuinamisha kichwa kando ya chako. Sikuweza kuziacha nywele zangu ziendelee kuota kana kwamba kwetu hakujatokea jambo. Leo mchana niliingia kwa kinyozi mmoja jirani na kazini. Akaanza kunionyesha mitindo. Nikamwambia ni msiba. Akazima redio.

Nimeshanyoa, Mama.

Mwanao,
Khasandi