Pete Yenye Fundo la Mama

Jumatatu, 4 Machi
Kimeshuka tena. Niko kwenye cherehani, napiga pindo la mapazia, nahisi kitu kule chini, kama yai linataka kutoka. Nimekaa upande kutwa. Mteja kaniuliza kama nina jipu. Nikasema ndiyo. Heri jipu!

Jumatano, 6 Machi
Kliniki. Nesi mpole, rika langu. Anasema kizazi kimelegea, wanawake wengi wa makamo wanayo hali hii, wananyamaza tu. Njia tatu: mazoezi ya kubana misuli ya chini, pete laini inayowekwa ndani kukishikilia, au upasuaji. Nikachagua pete. Nikapanda kitandani. Akapima, akapima tena. Akamwita daktari. Daktari naye akauliza, hiyo uliyonayo uliwekewa wapi?
Sijawahi kuwekewa pete!

Ijumaa, 8 Machi
Wameitoa. Maumivu — sisemi. Nyama ilishaanza kuimeza. Si ya hospitali yoyote, anasema daktari: kipande cha bomba la mpira, kimeunganishwa kwa uzi wa nailoni. Nikaomba kuona fundo. Mizunguko mitatu, ncha imefichwa ndani.
La mama. Ndilo alilonifundisha, ndilo ninalofunga mpaka leo.
Mama alikuwa mkunga. Kitindamimba wangu nilimzalia chumbani kwake, nikazimia. Miaka kumi na saba! Marehemu mume wangu alikuwa akisema kuna kitu kinamkwaruza. Nilimcheka.

Jumapili, 10 Machi
Nitamuuliza nini mama? Namtunza hapa kwangu, na siku hizi hata jina langu linampotea. Leo namnywesha uji, kanitazama mapajani, si usoni. Nani kaitoa? anasema.
Sijamwambia mtu! Kijiko kikaniponyoka. Namwogopa mama yangu mzazi.

Jumatano, 27 Machi
Kidonda kimepona. Mazoezi peke yake hayatoshi, kizazi kimeshuka mno. Daktari anasema pete mpya bado inawezekana, ya kutoa na kusafisha. Pete? Sitaki kuisikia. Kesho ni upasuaji, wananishona.
Mkasi wangu mkubwa siuoni.

Alhamisi, 28 Machi
Asubuhi. Mkoba tayari. Bomba la mpira la kumwagilia uani limepungua urefu, limekatwa sawasawa. Jikoni maji yanachemka. Mama kavaa aproni yake ya kazi, kasimama mlangoni pangu, uzi unaning'inia mkononi. Kaniita kwa jina! Mara ya kwanza mwaka huu. Lala, mwanangu, anasema, hutasikia kitu.
Teksi inapiga honi. Naandika haraka, nimeketi ukingoni mwa kitanda.
Viatu nimeshavua. Sijui kwa nini.