Uji wa Mwaja

Jumatatu, 16 Januari

Uji umeshika chini ya chungu tena. Mama Yoeli, mpishi wetu, alicheka mbele ya watoto wote. "Koroga, binti Mwalimu! Uji haung'ati!" Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Watoto wameongezeka. Wamekaa mistari mitatu katika uwanja wa kanisa, kila mmoja na kata yake ya kibuyu. Wengine mikono yao ni myembamba kuliko mpini wa mwiko. Hakuna aliyemsukuma mwenzake. Mkubwa alimgeuzia mdogo kata ili aishike vizuri. Mimi nilipomaliza shule mwezi wa Novemba nilidhani nitawafundisha kitu. Sijui ni kitu gani.

Mvua bado. Mbegu za kwanza zilichipuka kabla ya Krismasi zikaungulia ardhini.

Jumatano, 18 Januari

Sista amenipa kazi mpya. Sista ndiye mzungu anayetibu wagonjwa hapa misheni, na uji ni wake. Sheria yake ni moja: uji unanywewa uwanjani. Hautoki. Mwaka jana watu wazima waliwangoja watoto njiani wakawanyang'anya. Sasa mtoto akionekana anautoa nje, jina linaandikwa, na haji tena.

Anayeandika ni mimi. Amesema ana imani nami kwa sababu sina maneno mengi. Nimefurahi. Ni mara ya kwanza ukimya wangu kusifiwa.

Alhamisi, 19 Januari

Nimemwona. Anaitwa Mwaja, labda ana miaka tisa. Anavaa ngozi ya mbuzi begani. Alikunywa nusu, akageukia ukuta, akamimina iliyobaki katika kibuyu kidogo chini ya ngozi. Haraka sana. Hata tone halikuanguka.

Nikaandika jina lake.

Ijumaa, 20 Januari

Sista alimwita asubuhi. Nilisimama pembeni na daftari. Mwaja hakulia. Hakukana. Aliichukua kata yake, akaisugua kwa mchanga mpaka ikawa safi, akairudisha mahali pake kwenye rundo. Kisha akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayeangalia njia ili aikumbuke.

Nimetenda haki. Nimeandika nilichokiona. Basi kwa nini sikuweza kula jioni?

Jumamosi, 21 Januari

Mwaja hakuja.

Mama Yoeli anamjua. Mama yake alikufa. Baba yake alichukuliwa na askari wa boma kwenda kujenga reli upande wa Tabora, hajarudi. Anaishi na bibi yake, kipofu, miguu haimbebi. Kwa hiyo ile nusu ya uji ilikuwa ya bibi.

Kisha Mama Yoeli akasema, "Lakini usiwaonee huruma sana. Wana kilindo kimejaa uwele, kinaning'inia ndani. Jirani yao amekiona kwa macho yake." Akasema kwa sauti. Sista alikuwa mlangoni, akasikia. Akakunja uso.

Kilindo, lile pipa la gome la kuwekea nafaka, kimejaa. Na mtoto ana mikono ile. Sielewi.

Jumapili, 22 Januari

Baada ya ibada nimekwenda. Sikumwambia Baba. Ni mwendo wa saa moja, nchi nyeupe kwa vumbi, miti haina kivuli. Nyumba yao ni tembe ndogo, udongo wa paa umepasuka. Nikapiga hodi, nikasalimu kwa Kigogo, mbukwenyi. Sauti ya bibi yake ikajibu toka gizani, ikaniuliza mimi ni wa nani. Nilisema jina la Baba. Jina langu nililimeza.

Mwaja alikuwa ndani, ameegemea nguzo. Juu ya kichwa chake kinaning'inia kilindo cha gome la mti, kifuniko kimezibwa kwa kinyesi cha ng'ombe. Ni kweli. Kimejaa. Ukikitazama kamba inavyokaza unajua ni kizito.

Juu ya mafiga, ndani ya chungu kilichopasuka mdomo, kulikuwa na majani ya mlenda mwitu na maji. Hakuna kingine.

Nikauliza. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikamuuliza yule bibi kwa Kigogo kwa nini hawasagi ule uwele.

Akanigeuzia uso, kama mtu aliyeulizwa kwa nini jiwe haliliwi. Akasema, "Kile si chakula, mjukuu wangu. Ni mbegu. Baba yake akirudi atakuta nini shambani?"

Ni hayo tu. Mwaja hata hakuinua macho. Kwake halikuwa neno kubwa.

Nilitembea kurudi misheni. Nimesoma miaka sita. Nimekariri amri kumi na zaburi nyingi. Sijawahi kuona kitu kama kile kilindo. Mtoto analala na njaa chini ya chakula kila usiku, na hakigusi.

Na mimi ndiye niliyeandika jina lake.

Jumatatu, 23 Januari

Nilikwenda barazani kwa Sista nimweleze. Akaniuliza, "Unasemaje?" Nikasema kuni zimekwisha.

Kuni hazikwisha. Mimi ni mwoga.

Jumanne, 24 Januari

Leo nimesema. Nilikuwa nimeshika nguzo ya baraza kwa mkono mmoja. Nikasema Mwaja alikuwa anampelekea bibi yake. Nikasema kile kilindo ni mbegu, na mbegu hailiwi.

Sista hakukasirika. Ingekuwa afadhali. Aliniuliza polepole, kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Nafaka ipo nyumbani, na mtoto anaomba uji kwetu. Na wale wengine ambao hawana hata punje? Niwaambie nini?"

Swali lake ni la haki. Chungu ni kimoja.

Akasema kesho twende wote. Atafungua kilindo aone mwenyewe. Kama ni mbegu kweli, atafikiri. Kama hakifunguliwi, basi, jina linabaki.

Naogopa kesho.

Jumatano, 25 Januari

Nitaandika yote, nisije nikajidanganya baadaye.

Mlango wa tembe ni mfupi, Sista aliinama mpaka kofia ikadondoka. Mwaja alikuwa amelala chini kwenye ngozi. Midomo imepasuka. Alituona, akainuka, akaenda kusimama chini ya kilindo. Alisimama hapo, mgongo umegusa nguzo.

Bibi yake anajua Kigogo tu. Sista hajui Kigogo. Nikawa mimi katikati.

Sista akasema kifunguliwe. Nikatafsiri. Yule bibi akasema hakifunguliwi ila siku ya kupanda, udongo ukiwa umelowa. Ukikifungua mapema wadudu wanaingia, majivu yanamwagika, na mkono ukishaonja unarudi. Nikatafsiri.

Sista akasema basi atajuaje kilichomo.

Bibi akacheka kidogo, bila meno. "Mwambie akitaka kukifungua, anizike kwanza. Halafu achukue ngazi, maana nasikia sauti yake iko juu, lakini hafiki."

Hapo nilitaka kudanganya. Nilitaka kusema: anasema samahani, anasema asante. Ningeweza. Hakuna ambaye angejua. Lakini nilishaandika jina la mtu kwa nusu ya ukweli, nikaona matokeo yake. Nikatafsiri neno kwa neno, hata la ngazi.

Nilisikia mbuzi wa jirani nje.

Sista akamtazama Mwaja. Akamshika mkono, akaupima kwa vidole vyake viwili, vikakutana na vikapitana. Akatazama juu kwenye kilindo. Akatazama tena mkono. Kisha yule mzungu akakaa chini kwenye vumbi, na gauni lake jeupe, karibu na mafiga. Akakaa muda mrefu. Sikuwahi kumwona akikaa chini.

Mwisho akasema, "Kesho aje. Na kile kibuyu kidogo aje nacho."

Mwaja hakuondoka pale chini ya kilindo mpaka tulipotoka.

Alhamisi, 26 Januari

Amekuja. Ametambaa zaidi ya kutembea. Sista mwenyewe alijaza kata, kisha akatia na kibuyuni, mbele ya watoto wote. Akaniambia niwaeleze kwa nini. Nikaeleza. Sauti ilikuwa ndogo, lakini walisikia, kwa sababu watoto wawili walinyoosha mikono na kusema hata kwao kuna kilindo.

Kwao pia! Walikuwa wakificha wasije wakafukuzwa. Mama Yoeli akaweka mwiko chini. "Na mimi nilivyopayuka," akasema. "Ulimi wangu huu ukatwe, ukaangwe." Kisha akaongeza maji chunguni.

Mwaja alikunywa nusu ya kata yake. Nusu nyingine akaimimina kibuyuni, juu ya ile ya bibi, ingawa kibuyu kilikuwa karibu kujaa. Nilimwambia anywe, sehemu yake na ya bibi zimetengwa. Akaniambia, "Nikishiba nitalala. Nikilala nani atakaa na kilindo?" Watu wanaanza kupita usiku wakitafuta chakula. Ndiyo maana siku ile nilimkuta ameegemea nguzo chini yake. Amekuwa akilinda.

Ijumaa, 3 Februari

Mvua! Imeanza alfajiri upande wa Chamwino, imekuja kama kundi la ng'ombe. Watu wote nje. Sista nje. Paa la jiko linavuja na Mama Yoeli anaimba. Nimelowa mpaka daftari limelowa.

Bado inanyesha. Namshukuru Mungu, na naogopa kumshukuru kwa sauti, isikatike.

Jumatatu, 6 Februari

Nimeomba ruhusa. Nimekwenda kwao na uji kichwani.

Nilimbeba bibi mgongoni hadi shambani. Ni mwepesi kama mzigo wa majani. Tulimketisha kwenye ngozi mwanzo wa mistari, nikarudi kuleta kilindo. Akakibandua kifuniko mwenyewe kwa kucha. Uwele wa kijivu, umechanganywa na majivu, unanukia moshi.

Mimi nilichimba kwa jembe. Mwaja alitia punje chache kila shimo, akafukia kwa wayo. Bibi alikuwa anasikiliza. Mara mbili alisema, "Mmeruka," na mara zote mbili tulikuwa tumeruka shimo.

Punje moja ilianguka pembeni. Mwaja akaiokota, akaipuliza, akairudisha shimoni. Haikupita karibu na mdomo wake.

Adhuhuri kilindo kilikuwa kitupu. Bibi alikigeuza, akakipigapiga chini, akakiweka kando.

Nikampa Mwaja uji. Akaunywa wote. Akakomba kata kwa kidole. Kisha akajilaza palepale kwenye udongo uliolimwa, mdomo wazi, akipumua polepole.

Bibi akaniuliza mbona kimya.

Nikamwambia amelala.

"Mwache," akasema. Nikahamia upande wa jua, kivuli changu kikamfikia usoni, nikakaa.