Hakuna Kasoro

Jumatatu, 3 Machi

Chumba namba sita, nyumba ya wageni ya ofisi. Mwisho wangu humu ni tarehe 20. Siku hiyo hiyo idara ya uhamiaji inataka barua ya mwenye nyumba, yenye anwani na saini. Bila barua hakuna kibali. Bila kibali, karani mpya, yaani mimi, arudi kwao na sanduku lake. Nimeyaandika haya mara tatu leo, kana kwamba kuyaandika kutayapunguza.

Kwetu sikuwahi kutafuta nyumba. Nyumba ilikuwapo tu.

Alhamisi, 6 Machi

Dalali wanamwita Tayari, kwa sababu kwake kila kitu kiko tayari. Leo vyumba vitatu. Cha kwanza kilipangishwa jana. Cha pili dirisha linatazama ukuta — Tayari akasema angalau jua halitanisumbua. Cha tatu, mwenyewe aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia. Akakumbuka ghafla kwamba mpwa wake anakihitaji.

"Usijali, bosi," Tayari akaniambia kwenye ngazi. "Huyo mpwa wake kila wiki anazaliwa upya."

Nilicheka. Nilipobaki peke yangu sikucheka.

Saa hizi kwetu mama anafunga madirisha ya upande wa mvua. La jikoni halifungi mpaka ulipige kiganja, chini kushoto. Ilikuwa kazi yangu. Nani analipiga sasa?

Jumamosi, 8 Machi

Nimepata! Ghorofa ya pili, chumba, jiko dogo, bafu. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, muuguzi mstaafu, anakaa chini yangu. Alinifutia kiti, akanimiminia chai. Kisha akanipa fomu: kila kitu cha nyumba kwenye mstari wake, na pembeni nafasi ya kuandika kasoro. Mlango. Sinki. Kabati. Ukuta. Mistari kumi na minne. Akasimama hapo, kikombe mkononi, akisubiri.

Niliziona. Sinki lina ufa. Kabati linaning'inia kwa bawaba moja. Ukuta wa bafu una doa la unyevu, kubwa kama sinia. Lakini chai yake ilikuwa bado mdomoni mwangu. Nikiwa na miaka sita nilimwambia shangazi, nyumbani kwake, kwamba kiti chake kinacheza. Mama alinifinya paja chini ya meza. Mpaka leo nikikaa kwa watu paja lile huniwasha.

Nikaandika: hakuna kasoro. Mara kumi na nne, kwa mwandiko wangu wa ofisini.

Alisoma, akanitazama kidogo, akaikunja. Barua ya uhamiaji ataisaini tarehe 19, akija kukagua. Nimehamia leo leo.

Jumanne, 11 Machi

Nimemsimulia dada wa masjala, tunayekaa naye meza moja. Alicheka mpaka akaweka muhuri chini. Kisha akaacha kucheka.

"Huo ufa wa nani sasa?"

Nikasema wa zamani.

"Kwenye karatasi hakuna wa zamani. Umesaini kwamba umepokea nyumba nzima. Akikuta ufa, umeupasua wewe. Na barua hupati, mdogo wangu. Si ndiwe unayeturudishia fomu zetu kwa tarehe moja kukosewa?"

Ndimi.

Ijumaa, 14 Machi

Nimenunua bawaba, gundi na kopo la rangi nyeupe. Muuza vifaa akauliza nyeupe ipi. Nikasema ya kawaida.

"Mkuu, nyeupe ya kawaida haipo. Hata meno ya watu hayafanani."

Bawaba imekaa. Gundi imeacha mstari wa njano kwenye sinki. Doa la bafuni nimelipaka — sasa kuna mraba unaong'aa katikati ya ukuta uliofifia. Kwanza lilikuwa doa. Sasa ni tangazo.

Jumapili, 16 Machi

Bibi kwenye simu. "Mume wangu, umeshapata nyumba ya kunihamishia?"

Nikamweleza yote. Nyuma yake watoto wa dada yangu walikuwa wanagombea kiti, mfuniko ukaanguka, mama akauliza nani kaacha bomba wazi. Nilinyamaza ili nisikie zaidi. Humu jana kutwa hakuna aliyeniuliza kitu.

"Adabu tulikufundisha," bibi akasema. "Hatukujua utakwenda kuijazia fomu. Mwambie tu huyo mama."

Rahisi kwake. Yeye yuko kwao.

Jumatano, 19 Machi, saa kumi na moja jioni

Amekuja. Alianzia jikoni.

"Sinki," akasoma. "Hakuna kasoro." Akapitisha kidole juu ya gundi yangu. "Huu ufa una miaka minne. Aliyetoka aliuandika, na aliyemtangulia aliuandika. Wewe peke yako hukuuona?"

Nikasema niliuona, mama. Niliona haya kuusema nikiwa ndani ya nyumba yako, nakunywa chai yako.

Alikaa kwenye kiti changu kimoja.

"Mgeni akinisifia nyumba nafurahi, mwanangu. Mpangaji akinisifia naogopa. Bomba likipasuka huyu ataniambia lini? Tukishazama?"

Akatoa fomu nyingine, tupu. Niandike upya. Yeye ameshuka kufuata miwani ya kusomea. Akirudi ataisoma yote, atapita chumba kwa chumba, ndipo aamue kuhusu barua. Kesho ni tarehe 20.

Nimeandika sinki, na gundi. Nimeandika kabati. Nimeandika taa ya jikoni inayopepesa, ambayo hata humu daftarini sikuwa nimethubutu kuitaja. Mkono unazoea haraka.

Umebaki ukuta wa bafu. Unyevu ni wa zamani, huo si wangu. Mraba ni wangu, na sina wa kumsingizia. Mlango wa bafu umefungwa, bado hajauona. Naweza kuandika "unyevu" nikaishia hapo. Labda atauona, labda taa ya bafuni haitamulika vizuri.

Namsikia kwenye ngazi. Anapanda polepole, anapumzika kwenye kona.

Nimeandika "unyevu". Nimeweka mkato, si nukta.