Paka Watatu wa Fundi Mapazia

Mwaka umezunguka sasa tangu ututoke, fundi wetu. Uliondoka pazia la mteja likiwa nusu chini ya sindano ya cherehani, na paka watatu wamekaa juu ya meza ya kukatia, kila mmoja akijiona ndiye mwenye nyumba.

Aliyebaki nao ni kaka yako, yule uliyempa jina la Kiguu na Njia, mtu ambaye tangu ujana hajawahi kulala mahali pamoja akaizoea dari. Alikuja kuzika. Akaambiwa, "Kaa nao wiki moja tu, sisi tupange." Ndugu tukapanga, tukapangua, kila mmoja akakumbuka shughuli aliyoiacha kwake. Bado yupo. Kachoka, lakini yupo.

Tunaikumbuka mikono yako. Ukiingia nyumba ya mteja hukuanza kupima dirisha. Ulikaa kwanza, ukatazama jua linaingilia wapi, ukauliza humu nani hulala mchana. Wagonjwa na watu wa zamu za usiku uliwatilia bitana ya pili bila kuwaambia. Wakidhani usingizi umerudi wenyewe, uliwaacha wadhani hivyo.

Na tunakukumbuka kwa zawadi. Wapo watu wanaomchagulia mkwe zawadi kwa haraka kuliko wewe ulivyomchagulia paka. Dukani ulibonyeza mpira, ukaunusa, ukautikisa sikioni, mwenye duka kasimama mikono kiunoni.

"Mama, ni wa paka huo."

"Ndiyo maana nauangalia. Ungekuwa wako ningekuwa nimeshaondoka nao."

Kwa Jaji, yule mzee wa kijivu anayemtazama kila mgeni kama mshtakiwa, hukupeleka kitu chenye kelele. Bi Harusi, mweupe, asiyekanyaga penye maji, alitaka utepe wa hariri. Wa pamba aliupita kama hakuuona. Kibaka, yule wa tatu, alikuwa ameshajizawadia mwenyewe: soksi, vifuniko vya chupa, samaki wa jirani yetu kinyozi. Ulikwenda kumwomba radhi kinyozi mara nyingi hivi kwamba akawa anamkatia Kibaka kipande chake kabisa, yaishe.

Kaka yako hakuyajua hayo. Alinunua kitanda cha paka chenye kuta na manyoya ya bandia, cha kutosha kulaza mtoto. Akapiga magoti, akakipigapiga, akaita kwa sauti ya kubembeleza ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuisikia kwake. Jaji akakizunguka kitanda, akaenda kulala ndani ya boksi lililokileta. Bi Harusi akachagua shati jeusi la kaka yako, lililotoka kupigwa pasi. Kibaka akala uzi wa cherehani, akautapikia ndani ya kiatu.

"Nimelala stesheni za treni," kaka yako alimwambia kinyozi. "Nimelala juu ya malori ya saruji. Sijawahi kunyanyaswa hivi."

"Mpe muda, atazoea."

"Nani? Jaji?"

"Jaji, ndiyo. Wewe nimeshakukatia tamaa."

Kosa lake kubwa lilikuja kwa njia ya usafi. Ule mto wa Jaji uliokuwa chini ya cherehani, ulioujaza wewe mwenyewe kwa vipande vya mapazia, ulikuwa umeshika rangi ya vumbi. Kaka yako akautoa, akauloweka kwa sabuni, akausugua, akauanika juani, akajisifu. Jaji akaunusa pembe zote. Akarudia. Kisha akaenda kukaa kwenye kona, uso ukutani, na hakula. Siku hiyo hakula, na iliyofuata hakula. Maziwa, nyama ya kusaga, hata samaki wa kinyozi, vyote alivigeuzia uso.

Daktari wa mifugo alimpapasa tumbo, akamfungua kinywa, akauliza nyumbani kumebadilika nini.

"Nimefua mto wake."

"Ulikuwa na harufu ya nani?"

Kaka yako alitazama pembeni. "Ya dada yangu. Marehemu."

"Basi mtafutie nguo yake yoyote ambayo haijafuliwa," daktari alisema. "Na usikawie. Mzee kama huyu hana akiba mwilini."

Nguo zako tulikuwa tumeshagawana, tukazifua, tukazivaa. Ilibaki moja. Binti yako alikuwa na mtandio wako wa zambarau ndani ya mfuko wa plastiki, kaufunga fundo, kauweka kabatini tangu ulipoondoka. Alikuwa akiufungua kidogo, anaingiza pua, anafunga haraka harufu isitoke. Sote tulijua. Hakuna aliyethubutu kuutaja.

Kaka yako alikwenda kwake, akakaa kwenye ncha ya kiti kama mtu anayengoja kufukuzwa.

"Mwanangu, nimefuata ule mtandio."

"Upi?"

"Unaujua."

Binti yako aliacha kukunja nguo. "Wa nini, mjomba?"

"Jaji hali. Nimeufua mto wake. Daktari anasema akisikia harufu ya mama yako huenda akala."

"Kwa hiyo unataka nimpe paka mama yangu."

"Nataka asife. Sina lugha nzuri zaidi ya hiyo."

"Na mimi nibaki na nini?"

Kaka yako aliinua kikombe. Alimaliza chai kwa kuwa ilikuwa imeshamiminwa, akaaga. Barabarani alisimama kituo cha basi. Magari yakaja, makondakta wakamwita, na kila gari lilikuwa linakwenda mahali ambapo hakuna paka. Miguu ilimuuma. Akayaacha yapite, akarudi nyumbani kwako kumtazama Jaji akiutazama ukuta.

Kesho yake jioni binti yako aliingia akitoka kazini, bado na sare yake ya uuguzi. Hakusalimu. Aliketi sakafuni kando ya cherehani, akafungua fundo, akazamisha uso ndani ya mfuko. Kaka yako akasimama mlangoni, hajui aweke wapi mikono.

"Mjomba," alisema alipoinua kichwa, "mimi sisikii kitu. Ni plastiki tu."

"Tangu leo?"

"Tangu zamani. Nilikuwa najidanganya." Akautandika mtandio juu ya mto. "Labda yeye bado anasikia."

Jaji alijivuta kutoka kwenye kona, tumbo karibu liguse sakafu. Akaingiza pua kwenye pindo. Akasimama. Halafu akapanda juu yake, akaanza kuukanda kwa miguu ya mbele, kushoto, kulia, macho kayafumba, anakoroma kooni kama cherehani lako lilipokuwa na mafuta ya kutosha. Binti yako akamwekea nyama kiganjani. Akala kidogo, akapumzika, akala tena.

"Yumo," binti yako akasema, machozi yanamtiririka na huku anacheka. "Mjomba, mama yumo. Huyu bado anamsikia."

"Mwache basi amsikie," kaka yako alisema, naye akaketi chini kando yao.

Mtandio sasa umejaa manyoya ya kijivu, na hakuna anayeruhusiwa kuufua. Binti yako huja kila akipata nafasi. Huulaza uso wake mgongoni kwa Jaji, kisha huenda kazini na manyoya kwenye sare. Kaka yako anaendelea kusema anaondoka. Tumeacha kumuuliza lini.

Tumechoka bila wewe, mpendwa. Hatukufichi. Ulibeba mengi kimyakimya, na sasa yamegawanyika kwetu na bado ni mazito.

Unakumbukwa na kaka yako Kiguu na Njia, binti yako muuguzi na mumewe, wajukuu zako, wateja wako waliolala vizuri, jirani yako kinyozi, Bi Harusi, Kibaka, na Jaji, anayekukumbuka kuliko sisi sote.

Kukusahau, hatutakusahau.